Mama Geji Anakabidhi Daftari

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Mama Geji, msimamizi wa zamu katika kituo chetu cha kusafisha maji, anastaafu tarehe 30 Juni. Uongozi umeniomba mimi, mkuu wa kitengo cha kompyuta, niandike wasifu wake. Nimekubali, ila niseme mapema: mwanamke huyu nimemwonea wivu miaka mitatu mfululizo.

Alianza kama mfagiaji wa chumba cha pampu. Akawa anachungulia mafundi wanavyofanya, akasoma masomo ya jioni, akapata cheti cha ufundi akiwa na watoto watatu. Jina la Geji lilitokana na mazoea yake. Kila siku saa mbili asubuhi na saa nane mchana hushuka ngazi arobaini na moja hadi kwenye bomba kuu, husoma geji ya mshale inayopima dawa inayotiwa kwenye maji, kisha huandika kwenye daftari.

Nilipoweka skrini zinazoonyesha vipimo vyote, nilimshauri ayapumzishe magoti. Akanijibu, "Mwanangu, wewe mwangalie mgonjwa kwenye picha, mimi naenda kumshika paji la uso." Chumba kizima kilicheka. Niliandika barua mbili kuomba ile geji ing'olewe, na namshukuru Mungu hazikujibiwa.

Kwa sababu Jumanne moja, miaka mitatu iliyopita, skrini zangu zote zikiwa shwari, Mama Geji alishuka akakuta dawa inamiminika mara nne ya kawaida. Alifunga valvu kwa mikono yake, ndipo akapanda kutuuliza kama tumelala. Maji yale yalikuwa yanaelekea hospitali ya wazazi na majumbani, kwangu kukiwemo, ambako mama yangu alikuwa anawaogesha wanangu.

Wachunguzi waligundua kuwa tulivamiwa na kikosi cha wadukuzi wa serikali ya nje, watu wenye mishahara na likizo kama sisi. Walikaa ndani ya mitambo yetu miezi saba, wakazifundisha skrini kutudanganya. Wiki hiyohiyo walizima umeme wa mji jirani. Huko hakukuwa na mtu wa kushuka ngazi.

Basi sifa zikamwendea Mama Geji. Waziri alimpa mkono. Wataalamu waliotoka mbali walilipekua daftari lake ukurasa kwa ukurasa, wakaomba kupiga naye picha, na mimi mwenye vyeti sita ukutani nikapewa kamera niwapige. Nilitabasamu huku roho inaniuma. Hata mke wangu, akifungua bomba, humtaja yeye.

Sasa lile ambalo wengi wenu hamlijui. Ripoti ilisema wadukuzi waliingia kupitia barua pepe iliyofunguliwa na "mtumishi mmoja". Mtumishi huyo ni mimi. Ilikuwa mwaliko wa kwenda kuhutubia mkutano wa wataalamu ughaibuni, na kichwa kilinivimba hata sikuangalia umetoka wapi. Nilimwita Mama Geji ofisini nimringishie. Aliusoma wote, akanipongeza. Kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza, na kwa miaka mitatu, huku kila mtu hapa akimtafuta mchawi, hakuwahi kufungua mdomo. Nikazidi kumwonea wivu. Hata kunyamaza ananishinda.

Wiki iliyopita aliniletea daftari. Ukurasa wa tarehe mosi Julai ameshaupiga mistari, na kwenye nafasi ya msomaji ameandika cheo changu. Hakuniuliza kama nataka.

Mama, kwa niaba ya wote hapa kituoni, asante. Kapumzike na wajukuu, afya isikupungukie. Na asubuhi ukifungua bomba la nyumbani kwako, kunywa bila wasiwasi. Saa mbili nitakuwa nimeshashuka.