Upande wa Benchi Usio na Moshi

Benchi letu ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya matairi mawili, mbele ya duka la ushirika lililofungwa, kwenye kona ya kuelekea Izia. Tangu biashara iachiwe kila mwenye uwezo, duka halina bidhaa, ila ukuta wake una tangazo la soda, na ghala lake la mahindi, pale ng'ambo ya barabara, limepangishwa kwa tajiri mmoja aliyetundika kibao: KASINO. Kwa usahihi, ndani mna mashine tano za picha za matunda na meza moja ya karata. Madirisha hamna, na wachezaji huvuta sigara kutwa. Jumamosi hiyo mchana upepo wa kipupwe ulivuma, na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Romani, muuza kahawa wetu, alikuwa na birika lake juu ya jiko la mkaa. Lazaro, fundi wa pancha za baiskeli, huitwa Injinia. Kija, aliyehamia huku na ng'ombe wa baba yake kutoka Shinyanga na sasa ni dalali, huitwa Mnada. Alois, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya parokia, ndiye Besi. Besi hajavuta sigara maisha yake yote, lakini mashine za ghalani zimemteka. Mkewe Coleta ni mtu wa Kipili, kando ya ziwa. Kaka yake alicheza kamari mpaka nyavu na mtumbwi vikaenda, na siku ya harusi Coleta alitamka mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba akisikia mumewe anacheza kamari, atapanda lori arudi ziwani. Wote tulikuwapo aliposema. Ndiyo maana shida ya Besi ilikuwa ya kijiwe kizima.

Besi: Leo naingia tena. Wiki jana machungwa mawili yalisimama, la tatu likaniangalia, likapita. Tatizo ule moshi, washikaji. Unang'ang'ania nguo kama kupe.

Injinia: Si nilikupa dawa? Ulikaa chini?

Besi: Nilikaa.

Injinia: Basi. Babu yangu alikuwa fundi wa ilungu, lile tanuru refu la udongo la kuyeyushia chuma. Hakuna mtu anapuliza wala kuvukuta. Hewa inaingia yenyewe kwa matundu ya chini, moshi unapanda, unatokea juu. Sasa lile ghala lina matundu chini ya ukuta, ya kupitisha hewa mahindi yasioze. Ghala na ilungu vina tofauti gani?

Romani: Ilungu halina karata.

Besi: Kigoda nilikiweka kwenye tundu kabisa. Hewa safi ilikuja kweli, ikaja na panya. Halafu ukikaa kule chini picha huzioni. Nanyoosha mkono juu, navuta mpini kama nakamua ng'ombe.

Mnada: Ng'ombe gani anakamuliwa kwa juu? Usitukane mifugo.

Injinia: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Besi: Nimelisikia la mkuu, na guu limekufa ganzi.

Mnada akainama, akawasha sigara yake kwa kaa la Romani. Besi alipunga mkono mbele ya pua, kama anavyofanya kila siku, na maongezi yakaendelea.

Mnada: Nyie Wafipa mnajua chuma, moshi hamuujui. Sisi jioni tunawasha samadi zizini. Ng'ombe anasimama katikati, inzi hamgusi. Kwa nini? Ana moshi wake. Mwenye moshi wake haingiliwi na wa jirani. Besi abebe kopo la samadi inayofuka, alifiche kwapani.

Romani: Mlinzi atampitisha na kopo la samadi?

Mnada: Mlangoni pameandikwa silaha marufuku. Samadi haikutajwa. Siku hizi ruksa.

Injinia: Samadi ni ushamba. Mtu wa kwaya atumie ubani. Moshi mtakatifu na moshi wa sigara havikai meza moja. Achukue chetezo.

Besi: Niibe chetezo cha Padri niende nacho kwenye kamari?

Mnada: Huibi, unakitembeza.

Injinia: Au sikilizeni, hii ndiyo ya kitaalamu. Nina mpira mrefu wa baiskeli. Ncha moja mdomoni mwake, nyingine inapita kwenye tundu, inatoka nje. Mimi niko nje na pampu. Yeye anavuta mpini, mimi nampa upepo.

Romani: Ukizidisha?

Injinia: Besi anapanda sauti, anakuwa soprano. Haraka haraka haina baraka.

Tulicheka. Injinia naye akawasha ya kwake.

Besi: Nyie semeni, ila kilichoniokoa ni hili koti la mvua la mitumba. Shati namwachia Romani. Navaa koti mpaka kooni, mfuko wa nailoni kichwani. Nikitoka, koti na mfuko navisukumiza chini ya benchi, naoga pale bombani kwa sabuni na ndimu, navaa shati langu safi. Coleta ananinusa mlangoni, hasemi kitu.

Injinia: Unamwambia ulikuwa wapi?

Besi: Hapa hapa kijiweni. Nyie si mashahidi?

Mnada: Tena wakubwa! Penye wazee haliharibiki neno.

Besi alivua shati, akavaa koti, akafunga vifungo vyote. Alikuwa akitafuta mfuko wake wa nailoni chini ya ubao, Coleta alipotokea kwenye kona. Romani alilikalia lile shati.

Coleta: Shikamoo, mzee.

Marahaba, nikamjibu, kwa kuwa mzee wa kijiwe ni mimi.

Coleta: Hamjambo, shemeji zangu?

Hawakuwa wazima, lakini walijibu kwamba hawajambo. Coleta alimtazama mumewe ndani ya koti la mvua. Akatazama mbingu.

Coleta: Nimekuja na ombi dogo. Huyu ndugu yenu kifua chake ni cha kuimbia. Jumatatu mpaka Ijumaa anarudi kutoka hapa kwenu ananuka sigara, nafua mashati mpaka vidole vinachubuka. Ila Jumamosi anatoka hapa hapa, na ananuka ndimu tu. Sasa nionyesheni, Jumamosi huwa anakaa upande gani wa benchi? Nataka awe anakaa hapo siku zote.

Injinia alitazama sigara yake kana kwamba amepewa sasa hivi na mtu asiyemjua. Mnada alifungua mdomo atoe methali, ukatoka moshi. Coleta akanigeukia.

Coleta: Mzee, wewe husemi uongo. Ni upande gani?

Mimi hupenda kutaja kila kitu kwa jina lake. Upande huo haukuwa na jina. Nilitazama ndani ya kikombe.

Besi: Hapa. Hapa mwisho, mama.

Alikaa mwisho wa ubao. Upepo ukageuza moshi wa jiko la Romani, ukamfunika uso, akakohoa.

Besi: Siyo hapa. Kule.

Alihamia ncha ya pili. Injinia aliizima sigara haraka chini ya kiatu, lakini ya Mnada ilikuwa bado inafuka, nao moshi wake ukavuka ubao mzima kumfuata.

Coleta: Kule nako?

Besi: Hapana. Huwa... huwa nakaa chini.

Injinia: Chini! Ndiyo. Kama ilungu, shemeji. Hewa inaingia kwa chini.

Besi akakaa vumbini kati ya matairi mawili, na koti lake limefungwa mpaka kooni, jua linawaka. Coleta alikunja kitenge, akachuchumaa mbele yake, akainusa kola ya lile koti. Alinusa taratibu, kama mtu anayepima unga kama umevunda. Moshi wa Jumamosi zote ulikuwa humo.

Alisimama, akakisoma kile kibao cha ng'ambo ya barabara, akajifunga kitenge vizuri.

Coleta: Lori la Kipili linaondoka saa ngapi?

Saa ya lori tuliijua wote, kwa maana dereva hunywa kahawa hapa hapa kabla hajawasha gari. Romani aliinua birika, akalitikisa, akasema imekwisha.