Duka la Kazi la Pantaleo

Mheshimiwa Mtemi wetu, Bwana DC, Baba Padre, Maalim, wazee wa baraza, wenye maduka na wenye mashine, akina mama, na ninyi mliobanana dirishani kwa kukosa viti: salaam kwenu nyote, mkubwa kwa cheo chake na mdogo kwa kelele zake.

Mimi ni Maige, nyapara wa kinu cha kusagia mawe ya dhahabu kule Geita. Nimefika Nairobi, nimefika Burma na jeshi la Kingi wa Uingereza, nimekula samaki wa kopo katikati ya bahari huku meli imelala upande. Kwa hiyo nikisema kwamba leo, mwaka huu wa 1953, hapa Kahama, nimeona jambo jipya, mjue si mtu wa kushangaa ovyo.

Jambo lenyewe ni chumba hiki. Kibao cha nje kimeandikwa DUKA LA KAZI, na tangu juzi watu watatu wameingia kuuliza sukari. Ndugu zangu, sukari hakuna! Hapa Bwana Pantaleo, huyu mwenye mguu mmoja na magongo mawili, anawatafutia kazi wale ambao sisi tumezoea kuwapita njiani: asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, aliyekatika mkono. Tajiri akiletewa mtu na akaridhika naye, tajiri ndiye anayetoa ada, mfanyakazi hatoi kitu. Ni biashara hii, si sadaka. Ukimsifu Pantaleo kwamba ana huruma, anakasirika. Nimejaribu, akaninyima chai.

Zamani alikuwa mtoboa miamba katika mgodi wetu, na sikuona wa kumshinda, ingawa mimi mwenyewe nilikuwepo. Jiwe likamwangukia, mguu ukabaki hospitali. Wengine tungerudi nyumbani tukachunge kuku. Yeye alikuja kukaa juu ya debe mlangoni pa kinu changu, siku tatu.

Nikamwambia, "Pantaleo, hapa hatugawi chakula."

"Sikuja kula, Bwana Maige. Natazama."

"Unatazama nini?"

"Watu wako. Wanaziba masikio kwa pamba, na bado wanakimbia kazi kwa ajili ya kelele. Wewe unamhitaji mtu asiyesumbuliwa na kelele."

Nikacheka. Wiki ya pili akaniletea Maduhu, huyu hapa aliyekaa kiti cha mbele. Asubuhi ile nikamwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kijeshi, "Mwangaluka!" Kimya. Nikarudia. Kimya. Mara ya tatu hata punda waligeuka. Mimi, niliyesalimiwa na makanali, ninyamaziwe na kijana wa juzi? Nikamwonyesha njia ya lango. Akaenda, ameinamisha kichwa.

Pantaleo akaja mbio kwa magongo yake. "Umemfukuza kwa kosa gani?"

"Hana adabu! Nimemsalimu mara tatu."

"Bwana Maige, Maduhu ni kiziwi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia barua."

Waheshimiwa, barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeitazama mbele ya watu, nikatikisa kichwa, nikasema, "Vema, vema." Wengi wenu mnaamini Maige ni msomaji. Shule niliiacha darasa la pili, na siku ile barua nilikuwa nimeishika kichwa chini, miguu juu. Je, mwenye upungufu pale kinuni alikuwa nani? Mmoja masikio hayakusikia, mmoja macho hayakusoma, na aliyefukuzwa ni yule aliyeijua kazi.

Nilimfuata Maduhu kwa miguu hadi njia panda, nikamrudisha. Mwezi haukwisha, akaweka kiganja chake juu ya nguzo ya kinu, akakunja uso, akanionyesha kwa mikono kwamba mashine isimame. Nikakataa. Akaenda mwenyewe akaisimamisha! Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimtukane, tukakuta bolti inayoshika nyundo ya kupondea mawe imeliwa, imebaki kama uzi. Chini ya nyundo ile alikuwa ameinama Marcel, kijana wangu wa kinuni, anapanga mawe. Marcel, upo? Simama, inua mikono. Yote miwili. Waheshimiwa, hesabuni wenyewe.

Sisi wenye masikio ya kusikia tulisikia kelele tu. Yeye kiganja chake kilisikia hatari.

Sasa tazameni benchi lile. Wamekaa watu sita. Pantaleo ameuza ng'ombe wake wote apate chumba hiki, na ameniambia wazi: hawa sita wakirudi nyumbani leo bila kazi, kesho hakuna atakayethubutu kuja, na kibao kitashuka. Bwana mwenye mashine ya mpunga, usitazame dari! Athanas pale haoni, lakini mtumbukizie mkono wake katika gunia, atakwambia mchele una chenga kiasi gani. Na wewe mwenye hoteli, unaogopa nini? Jaribuni mwezi mmoja, kama Maige alivyojaribu kwa ujinga wake.

Nami sitawatuma nisikokwenda. Bernadina, binti uliye pale benchini, wewe hutembei lakini umesoma hadi darasa la sita. Kuanzia Jumatatu wewe ni karani wa kinu changu. Gari la kinu litakuchukua hadi Geita. Kazi yako ya kwanza ni barua ile ya Pantaleo. Ninayo bado, na hadi leo sijajua imeandikwa nini. Wamebaki watano. Nani anafuata?

Pantaleo, ahsante kwa kukaa juu ya debe lile.

Asanteni nyote mlionisikiliza. Na wewe, Maduhu, uliyekuwa ukifuata vidole vya Pantaleo vikikufasiria maneno yangu tangu nilipoanza, ukacheka kabla ya wenzako, ndugu yangu, asante kwa kunitazama.