Hatua ya Sita ya Bi Hatua

Wasikilizaji wapendwa, isogezeni redio karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye huenda alikufanyia kazi na hukuwahi kumjua. Kama umewahi kutuma barua pepe na ikafika salama, nusu ya shukrani zako mpe yeye. Hapo natia chumvi, lakini kidogo tu.

Majirani walimwita Bi Hatua. Alikuwa karani wa masjala, akastaafu. Alikuwa mke wa fundi viatu. Alikuwa mama wa binti mmoja, muuguzi. Na kwa miaka kumi na tisa, bila kutumwa na mtu, alikuwa mkaguzi wa programu huria ya seva ya barua pepe. Ametutoka mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na saba. Alijilaza baada ya chakula cha mchana, na hakuamka tena.

Najua kuna anayejiuliza, seva ya barua pepe ndiyo nini? Chukulia chumba cha kuchambulia barua. Barua inaingia, inasomwa anwani, inapelekwa kwenye sanduku la mwenyewe. Chumba hicho kiko ndani ya kompyuta, na karani wake ni programu. Programu huria maana yake msimbo wake, yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, uko wazi kwa kila mtu. Anayetaka anausoma. Anayeona kosa anasema. Bi Hatua alikuwa anasoma, na alikuwa anasema.

Alianzaje? Alianza kwa hasira, wasikilizaji wapendwa. Ofisini kwao waliweka seva hiyo, na wiki ya pili tu barua zikaanza kupotea. Bi Hatua akaona asilaze damu. Akawaandikia watengenezaji: "Barua hazifiki. Tafadhali shughulikieni haraka." Basi. Siku mbili baadaye wakamjibu: barua zipi? Zimetumwa na nani? Ulifanya nini kabla yake? Alirudi nyumbani amefura.

Binti yake alikuwa mezani anafanya kazi za shule. Anakumbuka neno kwa neno mazungumzo ya wazazi wake jioni ile.

"Mteja akiniambia kiatu kinamuumiza, mimi nafanyaje?" baba aliuliza.

"Unakishona."

"Nikishone wapi? Kwanza namuuliza, kidole gani? Akisimama au akitembea? Asubuhi au jioni? Kiatu chenyewe hakisemi, mke wangu."

"Kwa hiyo mimi ndiye mteja msumbufu."

"Sijasema msumbufu."

"Umesema kwa macho."

Kesho yake aliandika upya. Hatua ya kwanza nilifanya hivi. Hatua ya pili nikafanya hivi. Hatua ya tatu nikaona hivi, nami nilitarajia vile. Wakalipata kosa siku hiyohiyo. Na yeye akapata ugonjwa ambao hakupona. Kuanzia hapo alijiwekea sharti moja: ripoti ya kosa iandikwe kiasi kwamba hata mume wake, fundi viatu, akikaa kwenye kompyuta aweze kuirudia na kuliona kosa kwa macho yake. Asipoweza, ripoti haijaisha.

Jina la Bi Hatua lilitokana na sharti hilo. Na tabia ile haikuishia kwenye kompyuta. Alipokwenda kumuuguza dada yake, alimwachia mumewe karatasi jikoni. Hatua ya kwanza: washa jiko. Hatua ya pili: usiondoke. Fundi anasema alitoka kidogo tu, kumpokea mteja. Sufuria iliungua, ikatupwa.

Msimbo alijifunza kuusoma polepole, akiwa na miaka hamsini kasoro. Aliuchapisha kwenye karatasi, akaweka rula chini ya mstari, akasoma kwa sauti ndogo, na penseli sikioni. Meza yake ilikuwa dirishani. Upande wa pili wa dirisha, barazani, ndipo fundi alipoweka kigoda chake, nyundo na gundi. Miaka yote hiyo walifanya kazi wakitenganishwa na dirisha lililo wazi. Mmoja anagonga soli, mwingine ananung'unika kuhusu mabano.

Anayeuratibu mradi wa programu hiyo ni mwalimu wa hisabati anayeishi nchi nyingine. Hawakuwahi kuonana, lakini waliandikiana karibu kila wiki. Alitutumia ujumbe wa sauti. "Kuna bwana mmoja alituletea msimbo wake wa kwanza," anasema mwalimu huyo. "Bi Hatua akaukagua. Akamrudishia maoni arobaini na moja. Arobaini na moja! Nikasema huyu hatumwoni tena. Kumbe oni la mwisho lilisema: pole kwa wingi wa haya, kazi yako ni nzuri, ndiyo maana nimeisoma yote. Yule bwana yuko nasi hadi leo."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sogeeni hapa. Nataka niwaeleze ripoti yake ya mwisho.

Sanduku la barua la mtu likijaa, seva haitakiwi kuitupa barua. Inaiweka kwenye foleni, na baada ya robo saa inajaribu tena. Ikishindikana, inamrudishia mtumaji na taarifa: samahani, haikufika. Ndivyo inavyotakiwa. Bi Hatua aligundua kwamba mambo hayakuwa hivyo. Barua ilikuwa inatoka kwenye foleni, inatoweka, na mtumaji haambiwi kitu. Anakaa anasubiri jibu la barua ambayo haipo tena duniani.

Aliandika ripoti yenye hatua tisa. Na juu kabisa, kabla ya hatua ya kwanza, aliandika maneno haya: "Sehemu hii ya msimbo niliikagua mimi miaka sita iliyopita, nikaipitisha. Nilikosea. Nataka irekebishwe kabla ya toleo jipya."

Hakulazimika kuandika hivyo. Hakuna ambaye angekumbuka. Lakini aliandika, kisha akakosa raha kabisa. Binti yake anasema alikuwa akiwaza barua za miaka sita. "Aliniambia, mwanangu, kuna mtu aliomba msamaha mahali fulani na hakujibiwa, na mimi ndiye niliyepitisha."

Watu watatu wakazifuata hatua zake tisa. Wa kwanza hakuona kosa. Wa pili hakuona kosa. Wa tatu, ambaye ni mratibu mwenyewe, hakuona kosa. Kwao taarifa ilirudi kwa mtumaji vizuri kabisa. Bi Hatua akajaribu tena nyumbani, kosa likatokea. Mara tatu kati ya tatu. Akawaambia. Wakajaribu tena, wapi! Kwa heshima aliyokuwa nayo, hawakutaka kuifunga ripoti. Walikubaliana kuiacha wazi mpaka mwisho wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha, Bi Hatua akafariki.

Siku ya sita baada ya mazishi, mratibu aliandikia familia salamu za pole. Barua ndefu, nzuri. Mwishoni, kwa kuwa ni mtu mkweli, alitaja kwamba toleo jipya linatoka Ijumaa, na ile ripoti itabidi waifunge kwa maneno yanayotumika siku zote: kosa halirudiki. Binti alimsomea baba yake.

"Halirudiki ndiyo nini?" fundi aliuliza.

"Wamejaribu, baba. Hawakuliona."

"Wanasema mama yako amesema uongo?"

"Hawajasema hivyo hata kidogo."

"Lakini ndivyo itakavyosomeka." Akavua aproni yake, akaikunja. "Hizo hatua ziko wapi?"

"Baba, wewe hata simu unaniita nikuwashie."

"Hatua ziko wapi, mama?"

Zilikuwa mezani, zimechapishwa, rula iko juu yake. Neno la siri lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi. Hapo nasi tusijifanye watakatifu, wengi wetu tumelibandika palepale. Fundi akavaa miwani. Akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, kile cha kushikia sindano. Binti akasoma, baba akatenda. Hatua ya kwanza, washa seva ya majaribio. Ya pili, ya tatu, mpaka ya tano: tuma barua kwenye sanduku lililojaa. Hatua ya sita ilisema: foleni ijaribu tena.

Binti akafungua mwongozo wa wakaguzi. Kulikuwa na amri fupi ya kuilazimisha foleni ijaribu papo hapo. Kila mkaguzi huitumia, nani ana muda wa kukodolea macho robo saa? Wakaiandika. Hatua ya saba: angalia sanduku la mtumaji. Wakaangalia. Taarifa ilikuwa imerudi, safi, kama kwa wale watatu. Kosa halikuonekana.

Binti anasema alijikaza asilie mbele ya baba yake. Akasema, "Tumejaribu, baba. Inatosha."

Fundi alikuwa amegeuka anatazama dirishani, kwenye kigoda chake mwenyewe.

"Sivyo alivyokuwa anafanya," alisema. "Mimi nilikuwa pale nje namsikia. Anabonyeza, anabonyeza, kisha kiti kinasogea. Anakwenda jikoni. Ni saa nne, anatengeneza chai. Anakuja barazani tunakunywa. Tunapiga soga, ananiambia nimekosea kitu fulani. Nusu saa hivi. Ndipo anarudi kwenye mashine yake."

"Kila siku?"

"Kwani saa nne haifiki kila siku?"

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke aliyeandika hatua za kuwasha jiko alikuwa ameisahau hatua moja. Hakuiandika kwa sababu kwake haikuwa hatua ya kazi. Ilikuwa chai na mume wake.

Wakaanza upya. Walipofika hatua ya tano wakaiacha mashine, wakaenda jikoni. Wakatengeneza chai, wakainywa barazani, wawili hao, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Fundi akasimulia habari ya sufuria. Binti akacheka mpaka kikombe kikamponyoka. Kisha wakarudi ndani.

Foleni ilikuwa tupu. Wakaangalia sanduku la mtumaji. Hakukuwa na taarifa. Barua haikuwa popote.

"Iko wapi?" fundi aliuliza.

"Haipo, baba. Imepotea."

"Imepotea!" Fundi akapiga kofi mezani kwa furaha. Nadhani ndiye mtu pekee aliyewahi kuifurahia barua iliyopotea.

Lakini Bi Hatua alikuwa na desturi ya mara tatu. Kwa hiyo wakarudia, na wakarudia tena. Siku ile walikunywa chai mpaka basi. Mara tatu kati ya tatu, barua ilipotea. Mchana ulipofika, binti akaongeza maelezo kwenye ripoti ya mama yake. Hapa ninayo, nawasomea kama yalivyo: "Hatua ya sita, marekebisho. Msiilazimishe foleni. Iacheni nusu saa ijaribu kwa saa yake yenyewe. Nendeni mkanywe chai na mtu wenu." Sentensi ya mwisho ilikuwa ya fundi. Binti alitaka kuifuta, baba akakataa katakata.

Mwalimu wa hisabati aliisoma akiwa kwenye mapumziko shuleni. Akaacha mashine yake inasubiri, akaenda kunywa chai na walimu wenzake. Aliporudi, barua ilikuwa imepotea kwake pia. "Nilikaa chini," anatuambia. "Foleni ikilazimishwa hupita njia moja kwenye msimbo. Ikisubiri yenyewe hupita njia nyingine. Sisi sote tulikuwa na haraka, tukakagua njia ambayo haina kosa. Mstari wenyewe ulikuwa palepale alipotuonyesha."

Kosa likarekebishwa. Alhamisi marekebisho yakakaguliwa na watu wanne. Ijumaa toleo jipya likatoka, kama lilivyopangwa, nalo halipotezi barua. Kwenye orodha ya mabadiliko kuna maneno haya: limeripotiwa na Bi Hatua, limethibitishwa na fundi viatu. Fundi alimwomba binti amchapie karatasi hiyo. Ameipigilia misumari ukutani juu ya kigoda chake, misumari ya soli, na kila mteja lazima aisome kabla ya kupewa kiatu chake.

Nilimuuliza fundi kama ana huzuni. Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyekuja na kiatu kimoja. "Ninayo," alisema. "Lakini yule hakuacha deni. Alikosea, akasema nimekosea, na limetengenezwa. Mimi ni nani nisiridhike?"

Kwa fundi, kwa binti yake, kwa dada wa marehemu, na kwa wote waliowahi kurudishiwa msimbo wao na maoni arobaini na moja, kituo hiki kinatoa pole za dhati. Bi Hatua apumzike salama. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize leo jambo moja: ni lini mara ya mwisho tulirudi kwenye kazi tuliyokwisha kuipitisha, tukaandika juu yake kwamba nilikosea? Na yule aliyetuambia kitu tusichokiona, je, tulimsubiri hata kwa muda wa kikombe kimoja cha chai?

Kabla ya kuja hewani niliandika salamu za rambirambi za kituo hiki, nikazituma kwa barua pepe kwenye anwani ya Bi Hatua, ambayo familia bado inaitumia. Jibu limeingia hapa studio wakati naongea nanyi. Limeandikwa kwa kidole kimoja, najua hivyo kwa sababu halina hata nukta. Ni neno moja tu kutoka kwa fundi.

Imefika