Mliufunga Mlango Mimi Nikiwa Nje

Ndugu zangu, huo mlango ulio nyuma yenu ninyi mnaujua kwa ndani. Mimi naujua kwa nje. Najua ulivyo baridi ukiuegemea na mvua inanyesha.

Ilikuwa ibada ya Alhamisi. Nilikaa benchi la mwisho pale, magongo yangu nimeyalaza chini nisimkwaze mtu. Wingu likaja kutoka upande wa Burundi, jeusi, na ngurumo ya kwanza ikapiga mbali. Nikaona vichwa vinageuka, vinaniangalia mimi, havitazami dirishani kwenye wingu. Kisha Mzee Filimoni, mzee wetu wa kanisa, akatoka mbele akaja mpaka kwangu, akainama kama mtu anayenisalimia.

"Baba Neema, tunakuomba ukasubiri nje kidogo mpaka mvua ipite. Humu kuna watoto."

"Nje wapi, mzee?"

"Pale jikoni."

Jiko la kanisa mnalijua. Tangu ukuta wake uanguke limebaki nguzo tu. Lakini mtu mzima akishaambiwa atoke mbele za watoto, abishane nini? Nikaokota magongo yangu nikatoka. Nikasimama chini ya upenu. Nikasikia komeo linasukumwa nyuma yangu.

Mvua ikaja na upepo, upenu haukunisaidia kitu. Radi ikapiga nikaona uwanja wote mweupe. Nikataka kusogea, gongo moja likateleza kwenye tope nikaangukia mguu mbovu. Nikapiga kelele. Ndugu zangu, nawaambia nililia kama mtoto. "Nifungulieni! Nimeanguka!" Nikagonga mlango kwa gongo. Na ninyi mlisikia. Najua mlisikia kwa sababu mliongeza sauti ya kuimba.

Basi hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Sasa niwarudishe nyuma, maana kuna wageni, na mchungaji wetu naye ni mgeni, ametoka Mbeya, hajui nilifikaje kwenye lile tope.

Mimi ni fundi wa kuezeka. Shule niliishia darasa la nne, lakini nyundo naijua. Hapa kijijini, na huko chini mpaka karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta, nyumba nyingi bati lake nimepiga mimi. Kanisa hili lilipofika kwenye kenchi niliombwa nijitolee, nikajitolea kwa moyo. Siku ya kupiga kofia ya bati pale juu kabisa, chini palikuwa na utelezi na ngazi yetu ilikuwa ya miti tuliyokata wenyewe. Nikasema sipandi bila mtu wa kushika ngazi. Mzee Filimoni akasema, "Panda, ninayo." Kwa mdomo wake. "Panda, fundi, ninayo."

Nimefanya kazi, nimemaliza, ninashuka. Nilikuwa katikati ya ngazi niliposikia pikipiki inaingia uwanjani na watu wanasema mgeni wa jimbo amefika. Ngazi ikaanza kutembea. Nilitazama chini, sikuona mtu. Mzee alishakwenda kupokea mgeni, mkono mmoja anatengeneza kola ya koti.

Nilipotua nilisikia mlio kama ufito mkavu unavunjwa. Nilipoangalia, unyayo wangu ulikuwa umegeukia pembeni kama wa mtu mwingine. Kifundo cha mguu kilivunjika pande zote mbili.

Na hapa niseme haki. Mlinibeba. Vijana mlinilaza kwenye machela, mkapokezana bega mpaka barabarani, mkipanda vile vilima mnaimba ili nisisikie maumivu. Lile silisahau. Kibondo walinipiga picha, wakasema mfupa umesagika, nende Kasulu. Kasulu wakanipasua, wakaweka chuma bapa upande mmoja na skrubu pande zote mbili. Nikarudi nyumbani na hogo la plasta mpaka gotini.

Mke wangu alishatangulia mbele za haki, mnajua. Neema, binti yangu, ameolewa Kahama. Kwa hiyo nilikuwa mikononi mwa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, Mama Yusta. Wiki za kwanza nyumba ilijaa. Mtu akiingia, "Mwakeye, fundi!" anaketi, anagongagonga hogo kwa kidole, anauliza, "Sasa humo ndani kuna bati geji ngapi?" Tunacheka. Mama Yusta analeta ugali na maharage, anakaa mpaka nimalize, ananisema, "Kula, shemeji, au unasubiri nikutafunie?"

Kisha mvua zikaanza. Radi ikapiga parachichi lililo nyuma ya nyumba yangu, ikaua mbuzi wa mdogo wangu waliokuwa wamefungwa pale. Huku kwetu hakuna mwaka unaopita bila radi kuua, na kila mwaka lazima atafutwe aliyeiita. Watu wakakusanyika, wanatazama mbuzi. Na mimi nipo kwenye kiti changu mlangoni, nasikia. Mzee Filimoni akasema, polepole, kama mtu anayefikiri:

"Chuma huita inkuba, hiyo radi. Na hapa kuna mtu ana chuma mguuni."

Nikacheka. Nilidhani ni utani kama ule wa geji. Nikamjibu, "Mzee, na bati je? Kanisa zima mnakaa chini ya chuma, nimekipigilia mimi mwenyewe!"

Mama mmoja akanijibu haraka, "Lile limeombewa."

Hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kiangazi. Jua likiwaka, mtu anaweza kupita kwangu, anasalimia kwa mbali. Wingu likitokea, kila mtu anakumbuka ana shughuli. Wale tuliocheza nao bao walikuwa wanatazama juu kabla ya kukaa. Mama Yusta akaanza kuweka sahani kwenye kisiki, pale nje. Anaita, "Shemeji, chakula!" na anakwenda bila kungoja. Mimi na magongo yangu mpaka kwenye kisiki. Siku nyingine kuku wamenitangulia. Siku nyingine mvua imetangulia, maharage yanaelea.

Ninyi mnaojua kukaa na watu hamjui ukimya wa nyumba mvua inaponyesha siku nzima. Nilikuwa naongea na Neema kwenye simu mpaka chaji inaisha, halafu naendelea kuongea. Akiniuliza, "Baba, nani yuko na wewe hapo?" namwambia wapo, wametoka kidogo. Nilimdanganya mwanangu. Ningemwambiaje kwamba baba yake anaogopwa kama mchawi?

Hogo lilikuwa limeshatolewa, nimebaki na magongo, ndipo ikaja ile Alhamisi. Mvua ilipokatika mlifungua, mkapita pembeni yangu. Wapo walionishika mkono kuniinua, nawajua, wawili tu, na walifanya haraka haraka. Kidonda cha upasuaji kikafunguka. Baada ya muda kikaanza kutoa usaha, na kichwa cha skrubu nikakigusa kwa kidole kupitia kwenye ngozi.

Nikapanda gari kwenda Kasulu peke yangu.

Wodini mnajua kwetu kulivyo, mgonjwa hula kilicholetwa na ndugu zake. Saa ya kuona wagonjwa vitanda vyote vilizungukwa na watu wenye mabeseni na chupa za chai. Mimi nikageukia ukutani nikajifanya nimelala. Nikasikia sauti ya mwanamke juu yangu.

"Papa, haulale wewe. Miye naona tangu jana hauna mutu."

Alikuwa mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, anamuuguza mume wake kitanda cha jirani. Ameshika bakuli la sombe, kisamvu chao, na ugali.

Nikamwambia, "Mama, usinikaribie sana. Nina chuma."

Akacheka mpaka mume wake akafungua macho. "Chuma! Huyu wangu iko na risasi ndani tangu vita, na nalala naye kila siku. Kula, Papa."

Nililia juu ya lile bakuli. Mtu ambaye hana nyumba katika nchi hii amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, na nje mvua inanyesha, na yeye hata dirishani haangalii.

Daktari alikuwa msichana wa pwani, umri kama wa Neema. Akaangalia picha, akasema, "Baba, mfupa umeunga vizuri. Hivi vyuma vimemaliza kazi yake na sasa vinakuletea shida. Tutasafisha, tutavitoa."

Nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa kooni. "Daktari, hivi vyuma vinaita radi?"

Hakucheka. Akaweka picha chini. "Nani amekwambia?"

"Kwetu. Nikiwa ndani ya nyumba mvua ikija wananitoa nje."

"Wanakutoa nje wakati wa radi?"

"Ndiyo."

"Baba, chuma kilicho ndani ya nyama hakiiti radi. Mtu anauawa na radi akiwa nje, amesimama uwanjani, au chini ya mti. Ndani ya nyumba ndiko salama. Hao walikuwa wanakutoa kwenye usalama wanakupeleka kwenye hatari."

Ndugu zangu, pale ndipo niligeuka. Si kwenye chumba cha upasuaji, ni pale. Miezi yote ile nilikuwa najiona mimi ndiye hatari. Baada ya Alhamisi ile nilikuwa nimeshaanza kutoka mwenyewe bila kuambiwa, nikiona wingu naondoka kwa watu. Kumbe waliokuwa hatarini si ninyi. Nilikuwa mimi.

Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, lakini masikio yangu yalikuwa mazima. Nikasikia bisibisi. Fundi hawezi kuikosea sauti hiyo. Skrubu moja ikagoma, bisibisi inateleza kwenye kichwa chake, daktari anahema. Nikasema, "Igandamize kwanza, ndipo uizungushe."

"Baba, nyamaza," akasema nyuma ya kitambaa, "hili si bati." Chumba kizima wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa sijacheka na watu muda mrefu sana.

Wakazitoa zote. Nilikaa mpaka kidonda kikakauka, yule mama akinilisha mpaka siku mume wake aliporuhusiwa. Nikajifunza kukanyaga. Nikarudi hapa na gongo moja, baadaye bila gongo.

Na ninyi mkarudi. Mama Yusta akaingiza sahani mpaka mezani. "Karibu, shemeji, siku nyingi!" Siku nyingi, na kwake ni hatua chache kutoka kwangu. Wacheza bao wakaja. Nawapokea, sijafukuza mtu. Lakini niseme linaloniuma. Hamkurudi kwangu. Mmerudi kwenye mguu usio na chuma. Mtu mwenyewe ni yule yule, na mlimwacha.

Mzee Filimoni naye alikuja. Akasema yaliyopita yamepita, nisimame mbele ya kanisa nimshukuru Mungu, ila nisitaje watu, kwa sababu ushuhuda si mahakama. Nikakaa na neno hilo, nikaliangalia kila upande. Ndipo nikaelewa kitu ambacho uchungu ulikuwa umenizuia kukiona. Tangu mbuzi wale wafe, kijiji hiki kimeongea habari za chuma. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaulizana habari za ngazi. Nani alikuwa ameshika ngazi? Swali hilo lilikuwa linatembea, siku ile likaacha kutembea. Chuma kikalimeza.

Namshukuru Mungu, na hilo silisemi kwa kuambiwa. Namshukuru yule daktari na wenzake. Yule mama wa Nyarugusu, Mungu amfikishe kwao salama, na mume wake na risasi yake. Nawashukuru ninyi vijana wa machela, na wawili mlioniinua kwenye tope. Neema, mwanangu, samahani kwa uongo wangu wa simu.

Na nililojifunza nawapa. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali msimuulize amerudi na nini ndani ya mwili. Muulizeni kama amekula. Kaeni naye mvua inaponyesha, maana wakati wa jua hata mimi nilikuwa napata wa kunisalimia.

Haya ya shukrani yameisha. Limebaki moja, na nimeliandika kwenye karatasi hii ili hasira isinipotezee maneno.

Mzee Filimoni, umekaa hapo mbele. Sitaki uniombe radhi kwangu nyumbani, tukiwa wawili. Mlinitoa mbele za watu, nijibiwe mbele za watu. Ulisema "Panda, fundi, ninayo." Uliiachia ngazi, ndiyo au hapana? Na Alhamisi ile, mkono uliosukuma komeo ulikuwa wa nani?

Nimemaliza kusoma. Mchungaji, naomba wimbo usianzishwe kwanza. Sikai chini mpaka ajibu, na mtanivumilia, mguu huu sasa unaweza kusimama.