Vidole Viwili kwa Afande Bado

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo. Makamanda wetu, wahadhiri na wakufunzi. Wazazi na walezi mliowahi mkapata viti vya kivulini, na ninyi mliochelewa mkapata jua. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wenzangu, madaktari wapya wa jeshi, mliovaa leo koti jeupe juu ya buti jeusi: nawasalimu kwa furaha ambayo nikisema naweza kuificha nitakuwa nadanganya.

Nimepewa dakika nane kuzungumza kwa niaba ya wahitimu. Mkuu wa Chuo aliniita ofisini akanishauri nizungumzie maabara, wodi na maktaba. Nikajibu, "Ndiyo, Afande." Sasa naomba radhi mapema, Afande, maana nimesimama hapa kuzungumzia mbio.

Wageni wetu mnajua kwamba daktari husoma sana. Kitu ambacho huenda hamkijui ni kwamba katika chuo hiki unaweza kutaja kila mfupa wa binadamu, ukafaulu somo la dawa, ukafaulu upasuaji, na bado ukarudishwa kwenu kwa sababu ya kilomita tatu za udongo. Tunaziita mbio za machela. Watu wanne wanabeba machela, juu yake amelala mwenzao ambaye siku hiyo anaitwa mgonjwa. Wanapanda kilima cha nyuma ya karakana, wanashuka, wanavuka mtaro, wanafika, yote kwa dakika thelathini. Wakishafika, kiongozi wa machela, huku anahema, anapewa dakika mbili kumhesabia mgonjwa mapigo ya moyo na kuyaandika kwenye kadi. Mtahini naye anahesabu kwenye mkono wa pili. Mkipishana kwa zaidi ya mapigo manne, mbio zote zimefutwa. Ukishindwa mara tatu, faili lako linafungwa.

Mkufunzi wetu wa mazoezi tulimpachika jina la Afande Bado, na leo nalitamka mbele yake kwa mara ya kwanza, ingawa najua analijua. Ukifika kileleni ukadhani umemaliza, anasema, "Bado." Ukivuka mtaro, "Bado." Ukigusa mstari wa mwisho na kutaka kujitupa kwenye nyasi, anakuinamia kwa upole kabisa: "Bado, daktari. Hapa ndipo kazi inapoanza." Alituita madaktari tangu siku ya kwanza, wakati hata bomba la sindano tulikuwa tunalishika kama kalamu.

Mimi mara ya kwanza nilishindwa kihalali. Nilikaa chini katikati ya kilima, na mgonjwa wetu akashuka kwenye machela akaja kunipa pole. Sina la kujitetea.

Ya pili ndiyo iliyonipa umaarufu. Tulifika dakika nane kabla ya muda. Dakika nane, ndugu zangu! Nilikuwa na furaha isiyo na kipimo. Nikamshika mgonjwa wetu kwenye kifundo cha mkono, nikahesabu sekunde thelathini, nikazidisha mara mbili, nikaandika kwa fahari: mia moja sitini na nane. Mtahini aliandika sabini na mbili. Afande Bado akaichukua kadi, akamtazama mgonjwa, aliyekuwa amejilaza anatafuna jani la nyasi, kisha akanitazama mimi.

"Daktari, umemshika kwa kidole gani?"

Nikatazama mkono wangu. Kidole gumba. Wenzangu wa fani mmeshaanza kucheka, basi niwaeleze wageni: kidole gumba kina mshipa wake wenye mapigo ya nguvu. Ukimpima mtu kwa kidole gumba, unaweza kabisa kuwa unajipima mwenyewe.

"Hii namba ni yako," akasema. "Umembeba mtu kilomita tatu, halafu umefika ukajisikiliza wewe."

Kuanzia siku hiyo hadi leo asubuhi, nimeitwa Daktari Gumba. Lakini jioni ile sikucheka. Nilimpigia simu mama yangu, fundi cherehani, yule pale mwenye gauni la kijani alilolishona mwenyewe kwa ajili ya leo. Nikamwambia, "Mama, nikikosa mara moja tena wananirudisha."

"Umekosa nini, mwanangu?"

"Mbio, Mama."

"Mbio? Kwani ulikwenda kusomea udaktari au kukimbiza kuku?"

Na mimi, kwa hasira zangu, niliona mama ana haki. Nikaenda kwa Afande nikamuuliza wazi: mbio zina uhusiano gani na tiba? Mgonjwa atajali nini kama nilikimbia au nilitembea? Nilitegemea anifokee. Badala yake akaniuliza, "Ukimfikia majeruhi huku moyo wako unapiga kelele kuliko wake, utamsikia vipi?" Kisha akanipa wiki sita za kujiandaa kwa mbio za mwisho.

Wiki sita hizo mlioishi hapa mnazikumbuka. Kila alfajiri nilipanda ngazi za bweni, ghorofa nne, mara kumi, na nikishuka nilitakiwa nimhesabie mapigo mtu wa kwanza nitakayekutana naye. Nilimpima mlinzi wa lango. Nilimpima mpishi wa bwalo, mwiko mkono mmoja. Mkutubi alifika mahali akiniona tu ananyoosha mkono kabla sijamwamkia. Na Afande anasimama pembeni na saa yake: "Vidole viwili. Tulia. Msikilize yeye."

Ikafika siku ya mbio zangu za tatu, nafasi ya mwisho kwangu. Mvua ilikuwa imenyesha, na yule mwenzetu aliyepangwa kuwa mgonjwa aliamka na homa ya kweli. Afande Bado akavua filimbi yake, akamkabidhi msaidizi, akajilaza mwenyewe kwenye machela. "Kilo tisini na moja," akatutangazia, "na nimeshakunywa chai."

Tulimbeba. Tuliteleza, tukainuka, tukamzamisha kisigino kimoja mtaroni, tukafika dakika ya ishirini na tisa. Nikapiga goti. Vidole viwili. Nikapata hamsini na sita kwa nusu dakika: mia moja kumi na mbili.

Mtu mzima, mwenye afya, amelala chali, hajanyanyua hata mguu, apige mia moja kumi na mbili? Nikaangalia mkono wangu: gumba lilikuwa juu hewani, halijagusa kitu. Nikahesabu upya. Hamsini na sita. Sekunde zinakwisha, na kichwani nina namba nzuri tu za kuandika, sabini na sita, themanini, ambazo hakuna ambaye angezicheka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika chuo hiki. Nikaandika nilichokisikia.

Mtahini akaisoma kadi yangu, akatoa yake. Mia moja kumi na nne.

Akamgeukia Afande kwa mshangao. "Wewe umebebwa njia nzima. Moyo unakimbilia wapi?"

Afande Bado alikuwa bado amelala, anatazama mawingu. Akaninyooshea kidole mimi, akamjibu mtahini, "Nilikuwa nakimbia naye, Daktari."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watu watakuuliza kwa nini daktari wa jeshi akimbizwe hivi. Wajibu kwamba tulifundishwa kufika, na tukifika tuwe na nafasi ndani yetu ya kumsikia mtu mwingine. Nawashukuru wahadhiri, wapishi, walinzi na mkutubi. Mama, nakushukuru; kuku wamekamatika.

Afande Bado, mwisho wa mwezi huu unastaafu. Nakuona hapo safu ya pili, umekaa kwenye kiti chenye mto, hujakimbia popote, na unajifanya unasoma ratiba. Nikishuka jukwaani nakuja hapo kuomba mkono wako. Nitatumia vidole viwili, na namba yoyote nitakayoipata nitaiandika, hata ukiikana mbele ya makamanda wote.

Ndugu zangu, mmeniazima masikio yenu kwa dakika saba na nusu, nami nawashukuru sana. Nusu dakika iliyobaki naomba mkae kimya kidogo. Nakwenda kuhesabu.