Anayejiitikia Mwenyewe

Pale stendi ya Kitale, Makokha alimpa dereva wa matatu kaseti ya albamu yake mpya, akaenda kuketi nyuma kabisa bila kusema ni yake. Alitaka kusikia watu watasema nini. Gitaa lilipoanza kunguruma, kijana mwenye tai aliyeketi mbele yake akalalamika, "Dereva, si spika yako imepasuka bana?"

"Haijapasuka," akasema mama aliyekuwa kando ya kijana. "Hiyo ni gitaa. Sikiza huyo mtu anavyoimba."

"Ati anaimba? Analia, mama."

"Basi analia. Lakini wanaomwitikia si ni sauti yake tu? Anaita, halafu anajiitikia mwenyewe."

"Hiyo ni mambo ya studio. Siku hizi mtu mmoja anaweza kuwa kwaya nzima."

"Studio nimeelewa. Mimi nauliza wenzake walienda wapi."

Makokha akageukia dirisha. Mpiga ngoma wa bendi yao aliokoka, akasema roki ni ya shetani. Wa gitaa la besi alipata ualimu huko eneo la Kwanza, na tangu hapo hashiki simu.

"Labda ana maringo," kijana akasema.

"Mwenye maringo hakosi watu wa kumzunguka."

Kiitikio kiliporudi, mama akaitikia kwa sauti ya chini, vile watu huitikia matangani. Makokha akainamisha kichwa, asikose hata neno.

"Shukisha Misikhu!" mama akaita.

Gari likasimama, akashuka na mzigo wake. Kaseti ikaita tena. Makokha akaziba mdomo kwa kiganja, asije akajiitikia.