Uvumi Uliofaulu Hesabu

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

MKUU: Mwenzako! Mkuu wako wa shule—

MWALIMU: Aa, shikamoo, mkuu! Nimeona namba ngeni. Jino vipi?

MKUU: Marahaba. Simu ya muuguzi hii. Jino liache! Ananichoma sindano ya ganzi huku ananiaga. Eti, "Kwaheri mwalimu, tumesikia umehamishwa." Nimehamishwa na nani?

MWALIMU: Habari imefika hadi kliniki? Lo!

MKUU: Lo nini?

MWALIMU: Si wewe uligonga meza kikaoni, mkuu? Hesabu zifundishwe kwa mifano hai! Basi, somo la vipeo, nikampa mwanafunzi mmoja uvumi. Awaambie wawili, nao kila mmoja wawili. Wawili, wanne, wanane—

MKUU: Uvumi gani?

MWALIMU: Kumi na sita, thelathini na—

MKUU: Mwalimu!

MWALIMU: Kwamba unahamishwa. Nilianza na wa mtihani kusogezwa mbele, ukafia dawati la tatu. Huu wako ukaota mbawa! Darasa likapiga hesabu ya logi: mizunguko minane, shule nzima imesikia. Na kweli! Hata wale wazembe wameelewa.

MKUU: Sasa uzime!

MWALIMU: Logi inasema uvumi utafika lini, mkuu. Kuurudisha hakumo.

MKUU: Pigia ofisi ya elimu, wakanushe—

MWALIMU: Nimepiga asubuhi. Wa mapokezi akamuuliza karani, karani akamuuliza afisa. Hakuna aliyetaka aonekane hajui. Wakanijibu barua inachapwa.

MKUU: Inachapwa! Nimebakiza muhula mmoja nistaafu, jamani! Niagwe kwangu, na watu wangu! Wananipeleka wapi?

MWALIMU: Uvumi haukutaja. Na kwenye barua wamepaacha wazi.

MKUU: (anashusha pumzi) Na walimu... wamesikitika?

MWALIMU: Mno. Wengine hawajala.

MKUU: Hivyo ni vigelegele?

MWALIMU: Mtandao huo, mkuu. Unakwaruza.

MKUU: Mtandao unapiga makofi? Haya, nani atakaimu?

MWALIMU: Haloo? Unakatika, mkuu.

MKUU: Nakusikia vizuri! Nani anakaimu?

MWALIMU: Mkuu... ule ufunguo wa kabati la chaki, huwa unauweka droo ya kulia, au—

MKUU: We! Umekaa wapi? Nyanyuka kwenye ki—

(Salio la muuguzi limekwisha.)

MWALIMU: Haloo? Mkuu? Basi, usijisumbue. Nimeshauona.